Mama Aliyesema Mkutano Ushuke

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na bado tukisikia cherehani ya jirani tunageuza shingo. Tumechoka kulia. Tumechoka pia kupewa pole na watu ambao ulipokuwa hai hawakukusikiliza.

Ulikuwa fundi wa nguo. Cherehani yako uliizungusha kwa mkono, maana miguu iligoma ungali mtoto. Ulishona sare za shule za nusu ya mtaa, na aliyekuja na suruali iliyopasuka pabaya ulimsitiri kwanza, utani ukafuata baadaye. Baba alikuita Mheshimiwa, hasa akitaka chai.

"Mheshimiwa, wananchi tuna kiu."

"Wananchi wana mikono," ulimjibu, na kikombe chake kilikuwa tayari mezani.

Uheshimiwa wenyewe ulikuja pale chama kilipokupa ujumbe wa kamati, kile kiti cha watu wenye ulemavu. Ulifurahi usipime. Ukajishonea gauni la rangi za chama, ukalipiga pasi wewe mwenyewe.

Kumbe ukumbi wa kamati uko ghorofani, na ngazi zake nyembamba. Vijana wa chama wakawa wanakubeba juujuu, mmoja huku, mwingine kule. Ulikuwa ukifika kabla ya wote ili wakupandishe pasipo macho ya watu, na asubuhi ya kikao hukugusa chai, kwa sababu choo kilikuwa chini. Sisi tulidhani unapenda tu kuwahi.

Ulichoomba kilikuwa kidogo. Stoo ya pale chini, iliyojaa mabango ya zamani na viti vibovu, isafishwe, kamati ikae humo. Mwenyekiti hakukataa hata mara moja. "Mama yetu, suala lako tunalo, tunalifanyia kazi," alisema, na uchaguzi ukaja ukapita.

Kisha vijana wakateleza, ukaanguka nao. Hukuvunjika, ila gauni lilichanika mbele ya wajumbe, na uliumia moyo kuliko mwili. Kikao kilichofuata uliegesha kiti chako cha magurudumu kando ya benchi la mlinzi, ukatuma ujumbe juu: "Leo sipandi. Mkutano ushuke."

Haukushuka. Wakaandika kwamba hukuhudhuria. Ulitusimulia huku ukicheka mpaka ukajifuta machozi. "Mimi nilikuwepo," ulisema. "Wao ndio hawakufika."

Kila kikao ulirudi pale pale mpaka ugonjwa ulipokulaza. Mlinzi akawa rafiki yako, ukamshonea koti. Baba alipokusihi uachane nao, ulimwambia, "Nikiacha, watasema hatukuwahi kuomba kitu." Tulikuona umechoka, na ulikwenda hivyo hivyo.

Wiki hii wametuletea kadi ya mwaliko, Mama. Ukumbi wameupa jina lako. Ule ule wa juu. Jumamosi wanauzindua, picha yako itatundikwa ukutani, na ngazi ni zile zile. Aliyeshika nafasi yako, mwalimu wa chekechea anayetembea kwa magongo, aliwauliza yeye atapandaje. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, vijana wapo.

Hatuna nguvu za kugombana. Hata hasira yenyewe imechoka. Lakini kupanda hatupandi. Jumamosi tutakaa kwenye benchi la mlinzi pamoja na mwalimu, na chai tutakuja nayo wenyewe. Anayetaka kukukumbuka pamoja nasi, ashuke.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa anajichemshia chai na kuisahau jikoni. Wanao na wakwe zako. Dada yako, anayetunza cherehani japo hajui kushona. Wifi zako uliowatania hadi hospitalini. Wajukuu wanaouliza lini utawapunguzia sare. Mwalimu aliyekalia kiti chako. Na mlinzi, ambaye bado anavaa lile koti.

Daima tuko nawe, Mama, hapa hapa chini.