Mrithi wa Baba Mkubwa Kiliani

Mbinga Mjini,
8 Julai

Kaka yangu mpendwa Aidan,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Eliza na watoto wote. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu haina huruma. Nafungua duka nimejitanda blanketi mpaka wateja wananicheka. Kahawa imeiva vizuri. Shangazi Tadea anakusalimu sana na anauliza kama bado hupendi maharage.

Uliniuliza kwenye simu urithi wa baba mkubwa umefikia wapi, nikakujibu kwamba tutaongea. Sikukusudia kukuficha. Ningelia kwenye simu na usingeelewa neno.

Ukoo uliponichagua kuwa msimamizi wa mirathi, nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Mrithi ni mmoja tu, binti yake, dada Hildegardi, na yuko Austria mwaka wa thelathini sasa. Kwa kuwa alishachukua uraia wa huko, haruhusiwi kumiliki shamba hapa, kwa hiyo kahawa na nyumba ya Mbuji viuzwe, fedha zimfuate. Kumbe kuvusha mali ya marehemu mpaka Ulaya ni safari yenye vituo vingi! Mahakama ya Mwanzo wanataka muhtasari wa kikao cha ukoo, benki wanataka hati ya mahakama, mamlaka ya kodi wanataka yao, na ubalozi uthibitishe kwamba mrithi ndiye mwenyewe. Nakiri nilifurahia. Unanijua, penye dirisha wazi mimi lazima nichungulie. Nilimuuliza karani wa mahakama maswali mpaka akaniambia nikasome sheria nimwachie kiti chake.

Dada Hildegardi nilikuwa naongea naye kila juma. Sauti yake nzuri, Kiswahili chake laini, ila jambo moja lilinishangaza: fedha hakuuliza hata siku moja. Aliuliza kama mlango wa nyumba unatazama mlimani. Aliuliza yale mashimo ya ngoro shambani yanachimbwaje, na kwa nini majani yanafukiwa chini. Nikajisemea, huyu amelima ngoro na baba yake tangu utoto, anauliza nini tena?

Sasa kikao kikafika. Unajua desturi ya ukoo wetu, mali haigawanywi mpaka kila mrithi awasalimu wazee mmoja mmoja, akimwita kila mzee kwa undugu wake. Baba mdogo Pankras alikataa kabisa kuendelea bila salamu hizo, akasema hata kama mtu yuko mwezini atasalimu. Nikaweka simu mezani, sauti ikafunguliwa, maana dada alisema kamera yake ni mbovu. Akaanza. Akamwamkia baba mdogo Pankras kwa kumwita babu. Akamwita shangazi Tadea bibi. Mama mdogo Ottilia naye bibi. Wazee wakacheka, wakasema Ulaya imemmeza mtoto, hata shangazi yake hamjui.

Mimi sikucheka. Mtu aliyesahau hukosea ovyo, kaka, huku anapatia, kule anaharibu. Huyu alikosea kwa mpangilio. Kila mtu alimpandisha ngazi moja, si zaidi.

Kesho yake nilimpigia nikiwa peke yangu dukani. Sikumzungusha. Nilimwambia kwamba wale aliowaita bibi ni bibi zake kweli, na nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akalia.

Kaka, dada Hildegardi amefariki. Amefariki mwaka wa pili huu, kwa saratani. Tuliyekuwa tunaongea naye ni Valeria, binti yake, yule mtoto tuliyemwona kwenye picha moja tu amevaa kofia ya sufu. Alinieleza kwamba mama yake alimwapisha asimwambie babu yake, baba mkubwa, kwa sababu ya ugonjwa wake wa moyo, basi akaendelea kumpigia kila Jumapili kwa laini ya mama, kwa sauti inayofanana na ya mama. Babu alipofariki naye, hakujua atawaambiaje watu walio msibani kwamba kuna msiba mwingine waliopitwa nao. Tulipomtaja mama yake kuwa mrithi, aliogopa zaidi.

Ningeweza kunyamaza. Nyaraka karibu zote zilikuwa tayari. Lakini ningekuwa nimeapa mahakamani kwa jina la marehemu, na dada yetu angebaki bila hata misa moja ya kwao. Upande wa pili, niliwaza kwamba nikisema, Valeria angeweza kupoteza kila kitu. Nilimweleza hayo yote bila kupamba, naye akasema niseme ukweli.

Nilisema. Baba mdogo Pankras alifura, akasema msichana amechezea ukoo mzima na asipate hata punje ya kahawa. Wengine wakaanza kuitikia. Ndipo shangazi Tadea, aliyeishi nyumba moja na baba mkubwa, akaomba asikilizwe. Alisema kwa miaka hii miwili kaka yake alikuwa akimaliza simu za Jumapili kwa kufundisha Kimatengo. Maji, moto, mahindi, neno moja moja, akirudia taratibu. Alipomuuliza kwa nini anamfundisha binti yake lugha aliyozaliwa nayo, aliomba tu asimwambie mtu, kisha akaenda kukaa uani peke yake. Alifua shati lake jeusi la msiba wiki hiyo, akalivaa mpaka alipofariki.

Baba mdogo Pankras alivua kofia. Baadaye akaniagiza nimpigie Valeria, na alipopokea, mzee yule akamwita mjukuu.

Maombi ya mahakama tunayaanza upya kwa jina lake. Misa ya dada ni mwezi wa nane, na Valeria atakuja. Njoo na wewe, kaka, kwa maana tumepoteza wawili na wa pili hatujamlilia.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Rosina