Zamu ya Usiku Ambayo Sikuwahi Kuifanya

Mount Druitt, Jumatatu

Yaya Furaha, dada yangu,

Nilifungua shajara niandike habari za leo kama kawaida, nikaona kila sentensi inaelekea kwako. Basi nimechukua karatasi nyingine.

Chumba chako sijakigusa. Kitenge cha njano bado kimening'inia nyuma ya mlango. Dawa ninameza tena, asubuhi na jioni, ingawa hakuna anayegonga ukuta na kuuliza, "Umemeza?"

Kuna jambo ninaona haya kukuambia. Wenye nyumba wamenipa notisi, wanataka kunitoa. Ulipoanguka kazini, kule ulikokuwa ukitunza wazee, tukakuzika, nilikaa muda bila dawa. Zile sauti zikarudi. Nikawa ninazijibu usiku kwa kelele, ninapiga kuta, majirani wakalalamika. Notisi inasema kweli, Yaya. Sina la kubisha.

Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki alinipeleka kwa wakili anayesaidia bure watu wa kipato kidogo wenye ugonjwa wa akili. Mama mmoja mpole, anakula tufaha huku anasoma faili. Akasema kwa Kiingereza chepesi kwamba kwenye baraza la kesi za nyumba tunaweza kushinda, ila barua ya daktari peke yake haitoshi. Wanataka wanisikie mimi nikieleza ugonjwa wangu. Kiingereza changu cha huku ugenini kinanitosha dukani tu. Akampigia mkalimani simu, akaweka spika.

Mkalimani alitaja namba yake, jina hakutaja. Hakuhitaji. Ilikuwa sauti ya Shemasi Yusufu, anayesoma matangazo kanisani kwetu. Yule anayenitania mlangoni kila Jumapili: "Mtu wa zamu ya usiku! Utaoa lini, nawe unaamka wenzako wakilala?"

Ni wewe uliyewaambia watu wa kanisani. Walipouliza mbona mdogo wako haonekani mchana, ukasema anafanya usiku kwenye ghala, Wetherill Park. Mama mmoja akaomba nimtafutie mwanawe kazi huko, ukamjibu kwa uso mkavu kwamba wamejaa. Nyumbani ukaniambia, "Bora wakuonee huruma kwa uchovu kuliko wakusengenye kwa kichwa." Nikakubali. Nilijifunza hata kupiga miayo mbele yao.

Sasa wakili akaniuliza ninaumwa nini. Shemasi akatafsiri polepole, kama mtu asiyenijua. Nikasema siumwi. Nikasema ni uchovu wa kazi ya usiku.

Shemasi akatafsiri, neno kwa neno. Wakili akanitazama, akaitazama barua ya daktari mezani. Nikasema ninakwenda kunywa maji. Nilitembea mpaka stesheni, nikapanda treni.

Ndani ya treni nilijiambia ninalinda jina lako, wasije wakasema Furaha aliyekuwa akiwaombea wagonjwa alikuwa mwongo. Lakini siyo hilo tu. Nilijionea aibu mimi. Wewe ulikuwa kisingizio.

Jana nilikwenda ibadani nikiwa tayari kutazamwa. Shemasi akanikuta nje, akanishika mkono. "Kijana, besi imepungua kwenye kwaya. Rudi." Basi. Utani wa zamu hakuuleta. Mke wake alikuwa pembeni, akaniuliza kama kawaida kama nimelala vizuri baada ya kazi. Hajui kitu. Hakumwambia hata yeye. Na mimi nilikuwa nimemwona shemasi kuwa mdomo mtupu, mtu asiyeweka siri. Niliinamisha kichwa, nikaingia kanisani.

Leo asubuhi nimempigia wakili, kwa Kiingereza changu hicho hicho cha dukani. Nilidhani amekwisha kunifuta. Amesema anaweza kutafuta mkalimani wa mji mwingine, asiyenifahamu. Nikasema hapana, mama, mwite yule yule.

Alhamisi tunaingia barazani. Nitasema skizofrenia. Nitasema zile sauti zinaniita kwa jina la utotoni. Na ghala, nitasema sijawahi kufanya kazi kule hata siku moja. Hapo utaonekana ulidanganya, Yaya, na wewe hupo kujitetea. Nisamehe. Nitawaambia uliniogopea, na kwamba ulikuwa unatoka kazini miguu imevimba na bado unanipikia. Hilo nalo shemasi atalitafsiri.

Nyumba sijui kama itabaki. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja: safari hii sitainuka kwenye kiti kabla shemasi hajamaliza kutafsiri sentensi yangu ya mwisho.

Pumzika, Yaya. Ulichoka kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Bahati