Paneli Inayotazama Barabara

Tlawi, Mbulu,
Manyara.
14 Julai 2009

Mpendwa mdogo wangu Renatus,

Habari za Mtwara na joto lake? Veronica hajambo? Watoto wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku tunapumua, ingawa ukungu haujatuachia. Mama anakuitikia marahaba, ila kifua kimemrudia, na hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Ningekupigia, lakini simu imezima. Sababu utaiona.

Sola uliyomtumia Mama ilifika salama. Fundi alitueleza vizuri: paneli inageuza mwanga kuwa umeme, umeme unapita kwenye kile kidude cha kudhibiti chaji, betri inautunza, jioni taa inawaka. Akaifunga upande wa nyuma wa paa, juu ya zizi, jua linakopiga kutwa. Mama alifurahi hadi akatupa kibatari jalalani.

Fundi alipoondoka tu, Kaka Bura akapanda akaihamisha. Akaileta mbele, chini ya mikaratusi, itazame barabara, ili watu wakitoka misa waione. Nilimwambia pale ni kivuli. Betri ilipoanza kukosa kujaa, akasema, "Sola inataka joto, Hilda. Mbulu ni baridi, basi." Mtu mzima! Joto la nini, wakati inachokula ni mwanga?

Na hao walioiona wakaanza kuleta simu zao kuchaji. Kaka hakumkatalia mtu, maana eti ndiye mwenye sola. Betri ikawa inanyonywa tu, na kile kidude kikawa kinakata umeme ili kuilinda. Kaka akakiita kidude cha roho mbaya, akakichomoa, akaunga nyaya moja kwa moja kwenye betri. Haikumaliza hata mwezi, ikafa.

Nimeumia, Renatus. Daktari alishasema moshi wa mafuta ya taa utammaliza Mama. Sasa kibatari nimekiokota mwenyewe kule jalalani, na kila jioni nakiwasha huku namsikia akikohoa. Nilipanda nikairudisha paneli upande wa zizi. Kaka akanifokea mbele ya majirani kwamba mwanamke hapandi paa la baba yake. Kesho yake ilikuwa inatazama barabara tena. Mama anasema nimwache, ni mkubwa wetu.

Usitume betri nyingine, nayo itakufa hivyo hivyo. Njoo mwenyewe. Mimi ninayeshinda hapa Kaka hanisikii, atakusikia wewe unayetuma.

Msalimie Veronica, na mtoto Imakulata mwambie shangazi anamkumbuka. Mama mdogo Natalia anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, na atutunzie Mama mpaka ufike.

Nilitaka kufunga bahasha, Mama akauliza nakuandikia nini. Ameagiza nikuambie taa inawaka vizuri na anakushukuru sana. Haya, nimekuambia.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Hilda