Nilimfunga Plasta Baba Mkwe

Mpendwa Mama Adero, naomba unisaidie haraka. Mimi ni Mbukusu, naishi Kisumu na mume wangu Khaemba, na kazi yangu iko katika karakana ndogo nyuma ya soko la Kibuye tunakotengeneza miguu bandia, tena si ile mizito ya mbao bali mguu wetu wenyewe tuliouhangaikia miaka mingi, una goti linalokunjika hata mtu akapiga magoti, na goti hilo nililibuni mimi.

Jumanne nikaletewa kadi ya mgonjwa aliyekatwa mguu juu ya goti, jina Dishon Wakhisi, nami sikushtuka kwa sababu kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wala halitajwi mbele yake, miaka yote namjua kama Baba tu, nikienda bomani yeye hupitia nyuma ya nyumba tusikutane, hata mkono hatujawahi kupeana. Nilijua trekta ya miwa ilimkata mguu, lakini nilidhani Khaemba atampeleka kwa mafundi wa Nairobi. Basi nikaingia ndani ya pazia, kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, nikakuta mzee amelala chali, kofia juu ya uso kwa aibu ya kuvuliwa suruali mbele ya mwanamke. Nikapaka kigutu mafuta, nikaviringisha bandeji ya plasta mpaka juu kabisa pajani, nikaipapasa ikashika umbo na kukauka, ndipo akauliza, "Sista, hii goti itakubali nipige magoti kanisa? Msichana yangu Nasipwondi anaolewa Desemba."

Mama Adero, sauti hiyo ndiyo hutuombea chakula kila Krismasi kutoka chumba cha pili! Nikapiga kelele, "Baba!" Kofia ikaanguka. "Mungu wangu, bibi ya Khaemba!" akasema, akavuta suruali yake, akanyakua magongo, akatoka mbio na plasta pajani huku soko zima la Kibuye likimtazama.

Sasa yuko Kimilili, hataki kusikia habari ya mguu, anasema siku ya arusi ya binti yake atabaki nyumbani. Mama mkwe aliivua plasta ikatoka nzima, ameisukuma chini ya kitanda, anaogopa kuitupa na anaogopa kuigusa. Wazee wanataka kondoo wa kututakasa. Khaemba anasema nichague, kazi au nyumba yake. Dalmas, fundi mwenzangu, bado hajajua kuchukua vipimo vya goti hili. Nifanye nini, mzee akose mguu kwa sababu yangu?

Aliyepigwa na butwaa, Kisumu

Mama Adero anajibu: Weee! Barua yako niliiweka chini nikanywa maji kwanza. Pole sana, mama. Hata sisi Wajaluo tunaijua miiko ya ukwe, kwa hiyo sikucheki, ingawa hapo pa mbio za Kibuye nilijizuia kwa shida.

Hukumjua, naye hakukujua. Hukutenda dhambi. Lakini kondoo achinjwe, na usinung'unike, kwa sababu bila hivyo mzee wako hatapata usingizi.

Bwana Khaemba, najua unasoma. Mkeo anatengeneza miguu, babako hana mguu, wewe ukanyamaza! Ni wewe ungempeleka siku ambayo mkeo hayuko kazini. Acha kufukuza mtu kwa uzembe wako.

Nawe fundi mzima, hofu imekusahaulisha kazi yako? Umeniandikia mwenyewe kwamba plasta ilitoka nzima. Hicho kilicho chini ya kitanda si uchafu, ni kipimo! Paja la mzee unalo tayari na hakuna haja ya kumgusa tena. Kondoo akishaliwa, Khaemba aende Kimilili, aifunge plasta vizuri kwa gunia, akuletee isivunjike. Tengeneza mguu kwa kipimo hicho. Kumvisha ni kazi ya Dalmas, wewe ukiwa chumba cha pili, na mguu ukimbana mzee, Dalmas akuletee mguu, asikuletee mzee.

Kazi usiache. Desemba nenda kanisani, keti nyuma na wanawake wengine. Baba mkwe akipita na binti yake, mwinamishie macho kwa heshima kama mlivyofundishwa. Ukiinamisha macho hivyo, utauona mguu wako ukitembea.