Ubeti Nilioupitisha

Temeke, Dar es Salaam
7 Shaaban (20 Machi 1956)

Mpendwa mdogo wangu Tunu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta huko Lindi u mzima, na lile goti lako limepoa. Sie hapa tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila macho yake hayauoni tena uzi wa kushonea. Mvua zimeanza, na njia ya kuja kwetu ni tope tupu.

Nianze na la heri. Mwanangu Mauwa ameposwa na kijana seremala wa Kigamboni, mtu wa dini. Harusi ni Mfungo Mosi, baada ya Idi, inshallah. Mauwa anasema singo yake, yale manukato ya kumsugua bibi harusi, haipakwi na mkono mwingine ila wa shangazi yake. Nikamwambia nitakuandikia. Hakujua kwamba nina jambo jingine la kukuandikia, zito kuliko harusi, nililokaa nalo miaka mitano.

Unakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa nikisimama nje ya mkahawa Kariakoo kusikiliza santuri za Misri, nikirudi nyumbani naimba Kiarabu nisichokijua maana, nawe umekaa mlangoni unamchungulia baba asije akatukuta. Hata nilipovaa tarbushi nikaimba Tanga na Unguja, watu wamesimama, moyoni nilikuwa namtafuta yule mtoto wa mlangoni anitikisie kichwa kwamba nimeimba sawa. Miaka kumi na tano niliimba. Wakiniletea shairi la kumvunjia mtu heshima nalirudisha, maana kinywa ni changu na nitakayeulizwa ni mimi.

Kisha yale maradhi ya koo yakaniacha na sauti ya chura. Kondo, mpiga fidla wetu, akaja na wanachama wa klabu yetu ya taarabu, akaniambia, "Koo limekufa, Sadallah, kichwa bado. Kuwa meneja wetu." Wakacheka, nami nikacheka, nikakubali. Kumbe umeneja una hatari yake. Maneno hayapiti tena kinywani mwako. Wewe unayaruhusu tu, mwingine ndiye anayeyaimba.

Sasa ndugu yangu, soma taratibu.

Wakati ule watu walikuwa wametuhama, wanakwenda kwa wenzetu wa Ilala. Alhamisi moja akanijia Mwajabu, mke mwenzio. Akasimama ukumbini akatazama viti.

"Bwana Meneja, Jumamosi iliyopita nilikuja hapa. Mbuzi wangu ni wengi kuliko watu wenu."

Nikamwambia, "Kama umekuja kunicheka, umeshacheka. Nenda."

"Nimekuja kukusaidia. Chukua shairi hili. Likiimbwa, wa Ilala watafunga milango."

"Linamsema nani?"

"Si unajua kusoma? Soma."

Nikasoma. Ubeti wa tatu ulikuwa wa mwanamke asiyejaliwa mtoto, na mambo mengine ya ndani ya nyumba yenu ambayo mtaa mzima ungejua ni ya nani. Sitayaandika tena hapa. Nililiweka shairi mfukoni, nikaenda nalo kuswali, nikarudi nalo. Alasiri nikampa mwimbaji. Nilitaka ukumbi ujae, Tunu. Na ulijaa.

Usiku wimbo ulipoimbwa, ulipotoka ukumbini umejifunika buibui mpaka machoni, mie nikiwa mlangoni, ulisimama ukaniuliza, "Kaka, ulijua?" Nikakujibu, "Wallahi sikujua. Mwajabu alimpa mwimbaji kwa siri."

Ukaniamini. Ukaondoka kwa mumeo, ukapanda meli ya Lindi, na tangu hapo kila barua yako inanipa pole mimi, eti Mwajabu alinizunguka akaniharibia jina. Hizo pole ndizo zinazonila.

Nilijua. Nilisoma kila neno, kisha nikaapa uongo kwa jina la Mungu mbele ya dada yangu.

Nimelisha maskini kumi kuwa kafara ya kile kiapo. Shehe wetu akaniambia, "Ya Mungu umeyashughulikia. Mengine yako Lindi."

Umeneja nimeuacha. Jumapili niliwaambia wanachama sababu, sikuficha kitu. Kondo akaweka fidla yake mezani, akasema, "Kwa hiyo na mie ulinipigisha ule wimbo." Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo, wala simlaumu.

Radhi siwezi kukuharakisha. Ukinipa leo, ukinipa nikiwa kaburini, ni haki yako. Ninaloomba ni uje kwa Mauwa. Nitamwozesha msikitini baada ya alasiri. Kama hutaki kuniona, chumba cha uani ni chako, na mie nitalala kwa jirani mpaka siku utakayoondoka. Usimnyime mtoto mkono wako kwa kosa la baba yake. Na ukiona huwezi kuja, usitafute udhuru wa goti. Nitamweleza Mauwa mwenyewe kwa nini shangazi yake hakuja.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama Lindi unapata mchele mzuri. Mauwa anakusalimu. Nisalimie wenyeji wako wote waliokupokea vyema kuliko nilivyokulinda mimi.

Barua hii nimemsomea mke wangu Mwanaheri kabla ya kuifunga, maana naye nilikuwa nimemficha. Ameinuka, amekwenda kuanika godoro la chumba cha uani.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akufikishe mwezi mtukufu na afya njema.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea na nikupendaye,

Sadallah