Lori Lako Limepata Bima

Mpendwa Baba Nasra,

Mke mwenzangu amekatiwa bima leo. Ndivyo nilivyokuwa naliita lori lako tangu ulipolikokota mpaka gereji ya Gerezani, bovu, halina hata kioo. Kila Ijumaa baada ya swala ulikuwa unaaga hapa Mchafukoge na kanzu yako nyeupe, unakwenda kulitazama tu. Unarudi na grisi mpaka kwenye kofia. "Lile lori ndilo lililonileta mjini kutoka Lindi, nimekaa juu ya magunia ya korosho," unaniambia, nami nakuuliza kama linajua na kufua kanzu.

Eda ilipokwisha, kaka yako alitaka liuzwe chuma chakavu. Nikakataa. Akasema basi liandikishwe kwa jina langu, likatiwe bima, na lisipotoka gereji kabla ya Ramadhani anamwita mnunuzi. Lakini alinisaidia, nisiwe mchoyo wa fadhila. Mahakamani kwenye mirathi alizungumza yeye, na kwenye kubadili kadi ya gari vilevile. Mimi nilikaa pembeni na bahasha yangu, natia saini ninapoonyeshwa. Sikutaka kulitamka lile neno. Msibani walilisema wengine, na ndani ya eda hakuna aliyeniuliza.

Aliyetukwamisha ni wewe mwenyewe. Kwa haraka yako ya kulipendezesha ulipaka rangi ya bluu mpaka juu ya namba ya chesisi, mkaguzi akasema haisomeki. Fundi Bakari akachukua msasa. "Mama, hapa mzee alipaka kwa mkono wake, mashine ya kupulizia aliikataa," akaniambia. Nilijua. Ulirudi na rangi hiyo kwenye kucha, nikakugombeza kwa ajili ya mashuka, na nilipokuosha mikono hospitali ilikuwa bado ipo. Ile bluu ilipoanza kudondoka chini nililia mbele ya mafundi wote, wala sikuona haya.

Leo kaka yako alikuwa na udhuru, nikaenda Posta peke yangu, kwenye ofisi ya bima.

"Shikamoo mama," kijana wa pale akanipokea. Akaitazama kadi yenye jina langu, akauliza lori la mwaka gani, linalala wapi, litabeba nini. Nikamjibu yote, na kujisifu kidogo.

"Na dereva ni nani?"

"Baba Nasra," nikasema. Lilinitoka tu, mume wangu.

Akaandika. "Naomba leseni yake."

Leseni yako ninayo, natembea nayo kwenye mkoba. Niliiweka mezani, nikakuona kwenye ile picha uliyopigwa umenuna. Nikashindwa kuisogeza kwake.

"Amefariki," nikasema. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mara ya kwanza.

Kijana akaweka kalamu chini. "Pole sana, mama." Alisubiri nifute macho, kisha akakupiga mstari mmoja na kuniuliza amwandike nani. Sikuwa na jina. Akasema basi kuna namna nyingine wanavyoandika, haina shida, na akanisomea ili nikubali.

Nimekubali, Baba Nasra. Lori lako, ulilolifufua nati kwa nati, bima yake inasema litaendeshwa na dereva yeyote mwenye leseni.

Pumzika, mume wangu. Nyumba ni kubwa mno bila wewe.

Mkeo,
Mama Nasra