Mama Alitaka Kumwona Baba

Kaka Muriuki,

Nasikia huko ng'ambo bado unasifiwa. Wanaokusifu hawamjui mama yetu, kwa hiyo acha nikukumbushe.

Daktari wa Nyeri aliposema presha ya macho itampofusha, mama hakulia. Alitaka kitu kimoja: umchoree picha ya marehemu baba, maana picha pekee tuliyokuwa nayo ni ile ya kipande, kitambulisho chake, tena imefutika nusu. Ukamwambia, "Mama, nipe wiki tatu."

Kisha saiba, duka la intaneti, ikafunguliwa mjini. Ukiongeza sikio, unapiga picha, unatuma kwenye mtandao, unangoja wageni wakuambie umefanya nini. Mmoja alisema kidevu ni kizito, ukakifuta. Mwingine akapenda uso usio na macho, ukauacha hivyo miezi miwili. Watu wasiowahi kukanyaga kwetu Mukurweini ndio wakawa wanamjua baba!

Nilimleta mama kwenye chumba chako cha kazi akiwa bado anaona kidogo. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Mbona hana macho?"

"Mama, watu wanapenda kuona kazi ikiendelea. Hiyo ndiyo process."

"Ati process? Mimi niko na haraka, Muriuki. Nataka mzee wangu."

Ulicheka. Siku hiyo nilianza kukudharau, na sijaacha.

Uliileta imekamilika wakati wa kuchuma kahawa. Mama alikuwa haoni hata dirisha. Aliipapasa, akanusa vidole, akasema polepole, "Asante. Umetumia rangi mingi." Nilidhani utapiga magoti. Ukatoa kamera! Ukampiga picha akipapasa, ukakimbilia saiba kabla chai haijapoa. Na picha hiyo ndiyo iliyokupatia mwaliko wa ng'ambo na tikiti ya ndege: upofu wa mama yako.

Picha ya baba tumeitundika sebuleni. Ni nzuri, siwezi kudanganya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ulikuwa unaweza tangu mwanzo.

Usitutumie zawadi. Usituandikie jinsi ulivyo na kazi nyingi. Kaa na hao wageni wako.

Juzi mama aliniuliza, "Amemchora akicheka?"

Nikamwambia ndiyo, hata pengo la meno linaonekana. Mama akacheka, akafunika mdomo kwa leso.

Baba uliyemchora amefunga mdomo, Muriuki.

Ni mimi dada yako,
niliyebaki na mama.